Sevisi kubwa, kubwa kwa nini?

Gereji za Nyeri, Karatina na Nanyuki huuza sevisi ndogo na kubwa. Mimi huomba orodha kwanza, maana kila gereji ina yake. Baadhi ya Honda zenyewe huonyesha kinachotakiwa: A ni kubadilisha oili ya injini, B ni oili, filta na ukaguzi, 3 ni oili ya giaboksi. (Taa hiyo fundi aweza kuizima bila kufanya kazi.)

Ndugu zangu wa Pwani, msisahau mafuta ya breki. Hunyonya unyevu, na kwetu unyevu si haba. Mombasa tambarare hutagundua. Ukishuka kutoka Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, breki zikipata moto huchemka, na pedali huzama. Honda hushauri yabadilishwe kila miaka 3.