Walaji Bingwa wa Mwambani: Rekodi za Samaki na Midomo Yao

Anayejua samaki humtazama mdomo kwanza. Mdomo wa pono si wa mkunga, wala wa kikande si wa tasi, na tofauti hizo si za urembo. Miamba ya matumbawe duniani ina spishi za samaki zaidi ya 6,000, na mojawapo ya mambo makubwa yaliyozitenga ni mlo: nani anakula nini, anakipata wapi, na kwa mdomo wa namna gani. Zifuatazo ni rekodi zao. Unaposoma, bashiri mwenyewe: katika mbio za kuzaa spishi mpya, aliyeshinda ni mwindaji au mla mwani?

Mdomo unaochomoka mbali zaidi

Rekodi hii anaishikilia Epibulus insidiator, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki. Akitulia, ni samaki kama wengine. Akimwona uduvi au kaa kwenye matawi ya matumbawe, mataya yake huchomoka mbele kwa asilimia 65 ya urefu wa kichwa. Mwaka 1989 watafiti Mark Westneat na Peter Wainwright walieleza siri yake: mifupa ya taya imepata kiungo cha ziada ambacho jamaa zake hawana. Windo hudhani liko mbali, kumbe limeshafikiwa.

Taya la pili lenye ujanja zaidi

Samaki wengi hukamata windo kwa kupanua kichwa ghafla, maji yakaingia kinywani pamoja na chakula. Mkunga hawezi, pango anamoishi ni jembamba mno. Mwaka 2007 Rita Mehta na Wainwright walionyesha dawa yake: taya la pili, lililo kooni, huruka mbele hadi kinywani, huling'ata windo na kulivuta kuelekea tumboni. Samaki wengi wa mwambani wana taya la kooni, lakini hulitumia kusaga. Mkunga amelifanya mkono wa kunyakulia.

Meno magumu zaidi

Pono ana meno kama 1,000 yaliyopangwa katika safu zipatazo 15 na kushikana hadi yakawa mdomo kama wa kasuku. Uchunguzi wa mwaka 2017 kuhusu pono wa Pasifiki, Chlorurus microrhinos, uligundua kwamba meno hayo yameundwa kwa fuwele za madini ya fluorapatiti zilizosukwa kama nyuzi za kitambaa. Kwa ugumu, yanaizidi dhahabu, fedha na shaba. Safu ya mbele ikichakaa, ya nyuma yake huchukua nafasi.

Meno ni nusu tu ya mtambo. Kooni pono ana kinu cha kusaga jiwe la mwamba alilong'ata hadi liwe unga. Usidhani jiwe ndilo chakula chake: anatafuta mwani na vijiumbe visivyoonekana kwa macho vinavyoishi juu ya jiwe na ndani yake. Ni mlo hafifu, kwa hiyo hana budi kung'ata mchana kutwa.

Mlaji anayebomoa zaidi

Pono mkubwa kuliko wote ni Bolbometopon muricatum, mwenye nundu kwenye paji la uso. Hufikia urefu wa mita 1.3 na uzito wa kilo 46. Huko Australia, watafiti walikadiria kwamba mmoja wao hung'oa zaidi ya tani 5 za mwamba kwa mwaka. Kinachoingia kama jiwe hutoka kama mchanga. Katika kisiwa cha Vakkaru, Maldivi, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya hutokana na pono. Sehemu kubwa ya ufukwe ule mweupe imepitia matumboni mwao.

Msafishaji mwenye wateja wengi zaidi

Labroides dimidiatus ni samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni. Kazi yake ni kula vimelea vilivyoganda kwenye miili ya wenzake. Alexandra Grutter, aliyewachunguza kwenye Kisiwa cha Lizard, Australia, alipata kwamba msafishaji mmoja hula wastani wa vimelea 1,200 kwa siku, akikagua samaki zaidi ya 2,000. Hata chewa humfungulia kinywa aingie na kutoka salama. Lakini si malaika: ute wa ngozi ya mteja humnogea kuliko vimelea, na akipata nafasi huuiba. Mteja aliyeibiwa humkimbiza, au huhamia kwa msafishaji mwingine.

Mkulima hodari zaidi

Stegastes nigricans ana shamba la mwani analolilinda kwa ukali, hata dhidi ya samaki wanaomzidi umbo mara nyingi. Hung'oa aina asizozitaka na kuacha mwani mwekundu wa jenasi ya Polysiphonia, unaosagika kwa urahisi tumboni mwake. Watafiti wa Japani walikuta kwamba mwani huo haustawi nje ya mashamba ya samaki huyu. Mkulima na zao wanategemeana.

Mchaguzi wa chakula kupita wote

Oxymonacanthus longirostris, mwenye madoa ya rangi ya chungwa na mdomo mwembamba, hula karibu matumbawe ya jenasi ya Acropora peke yake. Utaalamu huo una faida ya ajabu: mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba mlo wake humpa harufu ya matumbawe yenyewe, hivyo adui humpita bila kumnusa. Gharama yake nayo ni kubwa. Bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998 na matumbawe ya Okinawa kufa, samaki huyu alitoweka kwenye miamba iliyochunguzwa. Aliyejifunga na chakula kimoja hufa pamoja nacho.

Maisha mafupi zaidi

Kuliwa nako huunda spishi. Eviota sigillata, kisamaki kisichofika sentimita mbili, huishi siku 59 tu, umri mfupi kuliko wa mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo uliowahi kupimwa. Akizungukwa na midomo yote hii, njia yake ni kukua haraka, kuzaa haraka na kuondoka.

Mlinzi anayehitajika zaidi kwetu

Kikande mwenye mistari ya chungwa, Balistapus undulatus, ana mataya mafupi yenye nguvu na macho yaliyosogea nyuma, mbali na miiba ya chakula chake. Utafiti wa Tim McClanahan katika miamba ya Kenya ulionyesha kwamba ndiye adui mkuu wa urchini wa bahari, viumbe wa mviringo wenye miiba wanaotafuna mwamba. Palipovuliwa kupita kiasi, kikande walipungua na viumbe hao wakajaa. Ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, viumbe hao walibaki wachache.

Bingwa wa mabingwa

Jibu la swali la mwanzo ni mla mwani. Mwaka 2020 Alexandre Siqueira na wenzake walichapisha uchunguzi wa nasaba za samaki wa mwambani: samaki wakubwa wala mwani ndio waliozaa spishi mpya kwa kasi kuliko kundi lolote katika nyakati za karibuni. Walionyesha pia kwamba tabia ya kula kila kitu ilikuwa daraja la kuvukia kati ya mlo wa nyama na mlo wa mwani. Mwani hauna lishe nyingi, lakini upo kila mahali, na waliopata meno na matumbo ya kuutumia walipata uwanja mpana wa kugawana.

Mabingwa hawa wala mwani wamo kwenye mitego yetu ya dema kila siku: pono, tasi, kangaja, puju. Mvuvi, iachie dema upenyo wa kutosha ili wadogo watoke. Mnunuzi, pono wa kiganja muache akue kwanza. Mwamba usio na walaji wake hufunikwa na mwani, na hapo hata dema hurudi tupu.