Uchaguzi wa Papa katika Kamusi Elezo ya Kiswahili: Nani Anaandika, Nani Anasahihisha?

Tunakwenda kwanza Bawshar, mojawapo ya wilaya za mkoa wa Maskati nchini Oman, kisha tutarudi nyuma hadi Italia ya karne ya 13. Kinachounganisha safari hizi mbili ni ukurasa wa intaneti ulioandikwa kwa Kiswahili na watu wasiolipwa hata senti moja.

Mwenye kuijua Bawshar anajua kuwa humo ndimo ulimo Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wilaya hiyo hiyo, katika mtaa wa Ghala, ina eneo lililotengwa kwa makanisa, na mojawapo ni Kanisa Katoliki la Roho Mtakatifu. Oman na Vatikani zilianzisha rasmi uhusiano wa kibalozi tarehe 23 Februari 2023, lakini ibada za Kikristo zilikuwa zikifanyika Maskati miaka mingi kabla ya hapo.

Kiswahili nacho kina wenyewe mahali hapo, na ni wa aina mbili. Wako Waomani wenye asili ya Zanzibar na mwambao, ambao familia zao ziliondoka baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wengi wao wakaitikia wito wa kurejea Oman baada ya mwaka 1970. Wako pia wafanyakazi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wengi wao wakihudumu majumbani. Wa kwanza ni Waislamu. Miongoni mwa wa pili wamo Wakatoliki wanaosali Ghala. Mwezi Aprili mwaka 2025 Papa Fransisko alipofariki dunia, mtu wa kundi lolote kati ya hayo mawili aliyetaka kujua kwa Kiswahili jinsi Papa anavyochaguliwa alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuangukia mahali pamoja, nako ni Wikipedia ya Kiswahili.

Kamusi elezo hii ilianzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Katika miaka yake ya mwanzo mwanablogu Mtanzania Ndesanjo Macha, wakati huo akiishi Marekani, alikuwa miongoni mwa walioipigania. Leo ina makala zaidi ya 80,000. Kila mtu anaruhusiwa kuandika na kila mtu anaruhusiwa kusahihisha. Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa. Wasiokubaliana hukutana katika ukurasa wa majadiliano. Na watu wachache waliochaguliwa na wenzao, waitwao wakabidhi, wana uwezo wa kufuta na kufunga kurasa. Sharti kubwa ni kwamba mwandishi asiegemee upande wowote na aoneshe alikolitoa jambo analolidai.

Sharti hilo ni jepesi kulitamka. Jaribu kuandika sentensi ya kwanza tu kuhusu uchaguzi wa Papa. Utamwita nani? Muumini wa Ghala atasema Baba Mtakatifu, naye hatendi kosa, kwani hayo ndiyo mazoea ya dini yake. Lakini kamusi elezo ni ya wote, kwa hiyo huandikwa Papa. Hapo tena Kiswahili chetu kina mzaha wake: papa ni samaki, na kwa mzee wa Bawshar aliyekulia Unguja, papa mkavu ni kitoweo kilichosafirishwa kwa majahazi kati ya Oman na Zanzibar tangu zama za babu zake. Ndiyo maana samaki huyo, katika kamusi elezo, ametengewa ukurasa wake unaoandikwa Papa (samaki).

Ugumu wa pili ni jina la mkutano wenyewe. Kilatini husema cum clave, yaani kwa ufunguo, kwa sababu wachaguzi hufungiwa ndani. Wapo wanaoandika konklavi, na wapo wanaopendelea kueleza: mkutano wa faragha wa makardinali wa kumchagua Papa. Kwa maoni yetu njia ya pili inamfaa zaidi msomaji asiye Mkatoliki, ingawa ni ndefu.

Na kwa nini wafungiwe? Hapa historia ina utamu wake. Papa Klementi IV alifariki dunia katika mji wa Viterbo mwezi Novemba 1268. Makardinali walikutana humo humo, wakagawanyika kati ya wafuasi wa Ufaransa na wapinzani wao, na miezi ikapita. Watawala wa mji wakawafungia ndani ya jumba la kiaskofu na kuwapunguzia chakula. Simulizi mashuhuri huongeza kwamba hata paa liliezuliwa. Hatimaye tarehe 1 Septemba 1271 walimchagua Teobaldo Visconti, ambaye hakuwa kardinali, na wala hakuwapo. Alikuwa Akka, katika ardhi ya Sham, pamoja na wapiganaji wa vita vya msalaba. Akajiita Gregori X. Mwaka 1274, katika mtaguso wa Lyon, yeye mwenyewe aliigeuza dhiki ya Viterbo kuwa sheria: wachaguzi wafungiwe, baada ya siku tatu wapewe aina moja tu ya kitoweo kwa kila mlo, na baada ya siku tano nyingine wabakiwe na mkate, maji na divai.

Kabla yake kulikuwa na hatua nyingine mbili. Mwaka 1059 Nikolasi II aliwapa makardinali maaskofu nafasi ya kwanza katika uchaguzi, ili kuupunguza mkono wa wafalme na koo kubwa za Roma. Na mwaka 1179 ukawekwa ulazima wa theluthi mbili ya kura. Wafalme hata hivyo hawakuondoka upesi. Mwaka 1903 Kardinali Puzyna wa Kraków alisimama mbele ya wenzake akatangaza kuwa Kaisari Franz Joseph wa Austria hamtaki Kardinali Rampolla. Aliyechaguliwa, Pius X, alipiga marufuku jambo hilo mwaka uliofuata.

Msomaji Mwomani ana kipimo chake cha kuyaelewa haya. Katika madhehebu ya Ibadhi, Imamu huchaguliwa na wanazuoni na wakuu wa makabila. Ndivyo alivyochaguliwa Salim bin Rashid al-Kharusi huko Tanuf mwaka 1913. Ama kuhusu usiri, wengi wanaikumbuka Januari 2020, pale familia ya kifalme ilipokutana baada ya kifo cha Sultan Qaboos, ikaamua kuifungua barua yake iliyotiwa muhuri, na jina la Haitham bin Tariq likasomwa. Bila shaka mambo haya hayafanani kwa kila hali, na mwandishi wa kamusi elezo hana ruhusa ya kuingiza ulinganisho wa kichwani mwake. Sisi wa redio tunaruhusiwa kidogo.

Wasikilizaji wapenzi, Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii, na hapo ndipo makala za kujitolea zinapohitajika zaidi, kwa kuwa vitabu vya Ulaya hutupitia haraka. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa, askofu kutoka Bukoba, kuwa kardinali wa kwanza mweusi kutoka Afrika katika zama hizi. Mwaka 1963 alipiga kura katika uchaguzi uliomleta Paulo VI. Mwaka 1978, wakati mapapa wawili walichaguliwa katika muda wa miezi mitatu, Rugambwa alikuwamo tena, safari hii pamoja na Maurice Otunga wa Nairobi, Emmanuel Nsubuga wa Kampala na Joseph Malula wa Kinshasa. Polycarp Pengo wa Dar es Salaam alipiga kura mwaka 2005 na mwaka 2013, na Protase Rugambwa wa Tabora alikuwa miongoni mwa waliomchagua Leo XIV tarehe 8 Mei 2025.

Sasa tazameni jinsi tarakimu moja inavyoweza kuleta mzozo. Tangu Paulo VI alipotoa agizo lake mwaka 1970, kardinali aliyetimiza miaka 80 hapigi kura. Mwaka wa kuzaliwa wa Kardinali John Njue wa Kenya, uliokuwa ukiandikwa 1944, ulibadilishwa katika kitabu rasmi cha mwaka cha Vatikani kuwa 1946. Kwa tarehe ya kwanza hakuwa mchaguzi mwaka 2025; kwa ya pili alikuwa mchaguzi. Hatimaye hakwenda Roma, na Vatikani ilitaja sababu ya afya. Mwandishi mwaminifu ataziweka tarehe zote mbili na kueleza. Mwandishi mvivu atanakili moja na kulala.

Vivyo hivyo, anayeandika kuwa wachaguzi hawazidi 120 amenukuu sheria barabara, lakini mwaka 2025 waliingia 133, na kura zilizotakiwa zikawa 89. Tena katika majuma yale magazeti mengi yaliuliza iwapo atapatikana Papa wa kwanza kutoka Afrika, ilhali orodha za kale zinawataja Viktori I, Miltiade na Gelasi I kuwa wenye asili ya Afrika ya Kaskazini.

Kosa katika kamusi elezo ya Kiingereza huweza kuonwa na maelfu ya macho kabla ya jua kutua. Katika ya Kiswahili, kwa somo kama hili, wanaolipitia ni wachache, na kosa linaweza kukaa miaka. Zaidi ya hayo, programu za kutafsiri zimerahisisha kuzalisha kurasa kwa mkupuo. Hati rasmi ya Papa huitwa kwa jina linalotokana na muhuri wa risasi uliotundikwa juu yake, lakini kwa Kiingereza jina hilo huandikwa sawasawa na jina la dume la ng'ombe. Mashine isiyosimamiwa inaweza kumpa msomaji wetu fahali badala ya waraka. Kardinali naye anaweza kugeuka ndege, au tarakimu. Kisha programu za akili bandia hujifunza lugha kutokana na kurasa hizo hizo, na kosa huzaa kosa. Wikipedia ya Kigreenland, lugha yenye wasemaji wachache mno, iliamuliwa kufungwa mwaka 2025 baada ya kujaa maandishi ya mashine ambayo hakukuwa na watu wa kuyasahihisha.

Kiswahili hakijafikia huko, na wasemaji wake ni mamilioni. Lakini wanaokaa usiku kulinganisha tarehe za mwaka 1268 na za mwaka 2025 ni wa kuhesabika, na wengi wao wako Afrika Mashariki au Ulaya. Bawshar, ambako vijana wa familia za Kizanzibari wanazidi kuandika Kiarabu na Kiingereza huku Kiswahili kikibaki cha kuzungumza na bibi, ina watu wanaozimudu lugha zote tatu na wanaoweza kulinganisha maandishi ya pande zote. Kitufe cha Hariri kiko juu ya ukurasa, na hakiulizi mtu dini yake wala pasipoti yake.