Kukereza shingo ya ganda la risasi: usianze na kisu

Kuna mchezo Marekani ambao mshindi si lazima apige katikati ya shabaha. Unalaza bunduki juu ya meza nzito, unapiga risasi tano kwa umbali wa yadi 100 (kama mita 91), halafu wanapima matundu yako yamesongamana kiasi gani. Yakitawanyika kwa upana wa kucha ya kidole gumba, umeshashindwa.

Wachezaji hawa hujaza risasi zao wenyewe, na ganda moja hutumika mara nyingi. Kabla ya kujaza, wengi wanakereza shingo ya ganda, ile sehemu nyembamba inayoshika kichwa cha risasi. Wanaikwangua kwa nje mpaka ukuta wake uwe na unene mmoja kuzunguka kote. Huku kwetu hii si burudani ya kawaida, lakini kama umewahi kusimama kwenye mashine ya kukereza karakana yoyote ile, mengi hapa utayatambua. Sasa, kifaa cha kazi hiyo unakichagua vipi?

Kwanza, unene usio sawa unatoka wapi? Ganda linaanza kama kikombe kifupi cha shaba ya manjano (shaba nyekundu asilimia 70, zinki 30). Kiwandani kikombe hicho husukumwa hatua kwa hatua kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba mpaka kirefuke. Msukumio ukikaa upande kidogo tu, ukuta mmoja unatoka mnene kuliko mwingine. Kichwa cha risasi kikiingia humo, mhimili wake hauendi sawa na mhimili wa mtutu.

Lakini je, unahitaji kukereza kweli? Chukua risasi ya 6 PPC, waliyoibuni Louis Palmisano na Ferris Pindell miaka ya 1970 kutokana na ganda la .220 Russian. Bunduki nyingi za mashindano za aina hii zina chemba yenye shingo ya inchi 0.262. Kichwa cha risasi ni inchi 0.243. Ukiacha ukuta wa inchi 0.0085, pande mbili zinaongeza 0.017, jumla 0.260, na nafasi inayobaki ni inchi 0.002, yaani mikroni 50 hivi. Hapo kukereza ni lazima. Shingo ikibanwa na chemba haiwezi kutanuka kukiachia kichwa, na shinikizo la gesi linaweza kupanda hadi kiwango cha hatari kwa bunduki na kwa uso wako. Chemba ya kawaida ya kiwandani ni kinyume chake: ina nafasi ya kutosha tayari, na ukikereza sana unaiongeza tu. Shaba itatanuka na kubanwa upya kila mzunguko, itakuwa ngumu, mwisho itapasuka.

Haya, kifaa. Watu wengi dukani wanaangalia kisu. Mimi ningeangalia mandreli kwanza, ile pini inayoingia ndani ya shingo. Kisu hakijui katikati ya ganda iko wapi. Kinajua tu umbali wake kutoka kwenye pini. Pini ikilegea, ganda linayumba na unene unatoka ovyo hata kama kisu ni kikali kama wembe. Ikibana mno, shaba inasuguana na chuma, inapata joto, inaanza kunata. Ndiyo maana pini huuzwa jozi: moja ya kutanulia shingo, nyingine ya kukerezea, ambayo ni nyembamba kidogo. Shaba ikitanuliwa hurudi nyuma kiasi, na ile ya pili inatakiwa kuingia kwa kuteleza, na mafuta kidogo. Nunua zote mbili kwa mtengenezaji mmoja, wala usichanganye.

Pini za chuma ni za bei nafuu, za kabaidi ya tungsteni ni ghali. Je, tofauti ipo? Hebu tupige hesabu. Pini ya milimita 6 ikipanda nyuzi 20 za Selsiasi, ya chuma inanenepa kama mikroni 1.4, ya kabaidi kama 0.6. Watu hawa wanalenga mikroni 2.5, kwa hiyo tofauti ipo, ila ni ndogo. Kabaidi inalipa zaidi kwa sababu shaba hainati kwake kirahisi. Kwa maganda ishirini, chuma kinatosha ukipumzika kila baada ya machache.

Kisha angalia skrubu ya kurekebisha kisu. Skrubu inayosogea milimita 1 kwa mzunguko inahitaji kugeuzwa chini ya nyuzi 1 ili kisu kisogee mikroni 2.5. Jaribu kufanya hivyo kwa vidole! Tafuta kifaa chenye gurudumu lililochorwa vipimo. Angalia pia pembe ya kisu: inapaswa kulingana na bega la ganda, nyuzi 30 kwa 6 PPC, 20 kwa .308 Winchester. Kisu kiguse bega kidogo tu. Kikizama, shingo inaweza kukatika.

Hela zikiwa chache, punguza kwenye kifaa, usipunguze kwenye maikromita. Tena iwe ile yenye ncha ya mviringo. Kalipa yenye ulimi bapa wa milimita 1 ikiingia ndani ya shingo ya milimita 6, inagusa kwenye kingo zake mbili na kuacha pengo la mikroni 40 hivi katikati. Yaani kosa la kupima linazidi mara kumi na zaidi kile unachokitafuta.

Anza na maganda mabovu matatu. Pima kila moja sehemu nne kuzunguka shingo. Ukishajaza risasi ya kwanza, pima shingo yake kwa nje na ulinganishe na chemba kabla ya kuifyatua. Baada ya hapo, chukua lile ganda lililotoka na kichwa kipya cha risasi. Kikiingia shingoni bila kusukumwa, nafasi ipo. Kikikwama, usijaze nyingine mpaka ujue ni kwa nini.