SIMU IKIKATAA KUFUNGUA KURASA
Kwanza Tafuta Alipokwama Mjumbe



Simu ya mkononi siku hizi ni chombo cha kazi cha mkulima, sawa na ngazi na jamvi. Kwa simu mwanachama husoma utabiri wa mvua kabla ya kuanika, huuliza bei, huweka picha za stakabadhi za karafuu alizouza, na hupokea pesa zake. Kwa hivyo siku kile chombo cha kufungulia kurasa, yaani kivinjari, kinapogoma, hasara yake si ya mchezo. Karafuu mbichi haingojei. Ikirundikwa bila ya kuanikwa huharibika, na ikianikwa bila ya kujua hali ya mvua hunyeshewa.

Lakini hasara kubwa zaidi aghalabu haiji kwa ugonjwa, huja kwa dawa. Mtu aona ukurasa haufunguki, anunua bando jingine juu ya lile alilokuwa nalo. Lisipofaa, apeleka simu kwa mtu asiyemjua ikaflashiwe, na picha zote, majina yote na stakabadhi zote zikapotea. Au abonyeza kila kinachojitokeza mbele ya macho yake, mpaka amempa mwizi namba yake ya siri. Nia ya makala haya ni kumwonyesha mwanachama namna ya kujua kwanza ugonjwa uko wapi, kisha ndipo aitafute dawa.

KIVINJARI NI MJUMBE

Kurasa tunazozisoma hazimo ndani ya simu. Mwaka 1990 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika CERN, kituo cha sayansi kilicho karibu na mji wa Geneva katika nchi ya Uswisi, alitengeneza kivinjari cha kwanza. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kazi hiyo ni ya watu wote bila ya malipo. Tangu hapo kivinjari kimepambwa sana, lakini kazi yake ni ile ile: ni mjumbe. Wewe wamtajia jina la nyumba, naye hutoka, hushika njia, hufika katika kompyuta inayohifadhi ukurasa ule, ambayo huitwa seva, huomba, hupewa, hurudi nao.

Mjumbe huyu ana vituo vitano vya kupita. Cha kwanza ni simu yenyewe. Cha pili ni njia ya karibu, yaani bando, mnara au Wi-Fi. Cha tatu ni daftari la majina. Cha nne ni njia kuu, nayo ni zile waya zilizolazwa chini ya bahari. Cha tano ni nyumba ya ukurasa, yaani seva. Akikwama katika kimoja tu, wewe waona jambo moja: ukurasa haukuja. Ndiyo maana watu hutibu mguu na hali kichwa ndicho kinachouma.

MASWALI MATATU

Kabla ya kugusa chochote, jiulize maswali matatu. Hayana gharama, na jawabu lake hupunguza nusu ya kazi.

La kwanza: ni ukurasa mmoja unaokataa, au zote? Fungua ukurasa mwingine usiokuwa na uhusiano na ule wa kwanza. Upo mmoja mwepesi uliowekwa makusudi kuwa mfano, example.com, nao hauna picha wala uzito wowote. Huo ukifunguka na wako ukakataa, ujue simu yako ni nzima na njia ni nzima. Ubaya uko katika ukurasa ule, au katika kumbukumbu ulizonazo za ukurasa ule.

La pili: ni kivinjari tu kinachokataa, au hata WhatsApp haiendi? Vyote vikikataa, tazama njia. WhatsApp ikienda na kivinjari kikakataa, tazama kwanza bando lako. Yapo mabando yanayofungua mitandao ya kijamii tu, na mwenye bando la namna hiyo aweza kupokea salamu mchana kutwa wala asiweze kusoma utabiri wa mvua. Hapo simu haina kosa lolote.

La tatu: ni simu yako tu, au na ya jirani? Mwombe jirani afungue ukurasa ule ule. Ikiwa yeye yu katika kampuni nyingine ya simu naye amefungua, huenda ubaya ni wa kampuni yako au wa simu yako. Ikiwa naye amekataliwa, basi tulia. Aghalabu ubaya uko mbali, wala huwezi kuutengeneza ukiwa barazani.

SOMA KILICHOANDIKWA

Watu wengi wakiona ukurasa umekataa huufunga upesi kwa hasira. Hili ni kosa, kwani mjumbe akirudi mikono mitupu huleta maneno, na maneno hayo ndiyo yasemayo amekwama wapi.

Katika kivinjari cha Chrome ukiona kile kinyama cha kale, dinosau, maana yake ni kuwa simu haina intaneti kabisa. Mjumbe hakutoka hata mlangoni. Ukiona maneno “DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN”, maana yake ni kuwa jina halikuonekana katika daftari la majina. Ukiona “ERR_CONNECTION_TIMED_OUT”, mjumbe alikwenda akangoja, asijibiwe.

Ukiona namba ya tarakimu tatu, hiyo ni habari njema kwako, ijapokuwa haikupendezi. Namba hiyo hutoka katika seva yenyewe, au katika kompyuta iliyosimama mlangoni pake. Basi mjumbe amefika, na simu yako, bando lako na njia zote ni salama. Zinazoanza na 4 zahusu ombi lenyewe: 404 ni ukurasa haupo, labda umehamishwa au umekosea kuandika anwani, 403 ni umezuiwa kuingia. Zinazoanza na 5 zahusu ugonjwa wa huko huko: 500 ni seva imeharibikiwa, 503 ni imelemewa au imefungwa kwa matengenezo, 504 ni kompyuta moja imemngojea mwenziwe mpaka imechoka. Kwa namba za 5 dawa ni subira. Kuongeza bando kwa sababu ya 503 ni sawa na kununua viatu vipya kwa kuwa umekuta duka limefungwa.

TIBA, KITUO KWA KITUO

Ukishajua alipokwama, anza na tiba nyepesi, na ile isiyoharibu kitu.

Simu yenyewe. Funga kivinjari, kisha ukifungue tena. Isipofaa, zima simu uiwashe. Tazama kama nafasi ya kuhifadhia imejaa, kwani simu iliyojaa picha na video hupumua kwa taabu. Tazama kama umewasha VPN au Kiokoa Data, uzime ujaribu tena. Halafu fungua ukurasa ule katika Kichupo Fiche. Ukifunguka huko, ujue kuwa kumbukumbu za zamani ndizo zenye ubaya. Hapo nenda katika vile vitone vitatu vya Chrome, uchague kufuta data ya kuvinjari, na uweke alama kwenye picha na faili za akiba. Ukitia alama na vidakuzi, utatolewa katika kurasa ulizokwisha kuingia, itakubidi uingie upya. Nywila usizifute, maana hizo hazina hatia, na ukizifuta hutazikumbuka.

Saa na tarehe. Hili ni dogo, na wengi hawalidhanii. Kila ukurasa wa amana huonyesha cheti chake, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu iliyozimika kwa muda mrefu ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita, huona vyeti vyote ni batili, ikakataa kurasa chungu nzima. Rudisha tarehe iwe ya kujiweka yenyewe, na kurasa zitafunguka. Zipo pia simu kongwe, za Android iliyotangulia toleo la 7.1.1, ambazo hazikitambui cheti kikuu cha Let's Encrypt, shirika la Marekani litoalo vyeti bure kwa kurasa nyingi sana. Mpango wa kuzisaidia simu hizo ulikoma mwaka 2024. Mwenye simu kama hiyo asilaumu mnara, simu imezeeka.

Njia ya karibu. Tazama salio la bando. Washa Hali ya Ndegeni, hesabu mpaka 10, kisha uizime. Simu itajiandikisha upya kwenye mnara. Ukiwa bondeni katikati ya mikarafuu, panda mahali palipo wazi. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, chomoa ruta kwenye umeme, ngoja nusu dakika, uirudishe. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au bandarini, huenda yataka ujiandikishe kwanza: toka katika Wi-Fi hiyo uingie tena, na ukurasa wa kujiandikisha huenda ukajitokeza.

Daftari la majina. Kompyuta hujuana kwa namba, si kwa majina. Ndiyo sababu mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni mpango wa kulibadili jina kuwa namba, ambao huitwa DNS. Simu ikikosa kulifikia daftari hili, huona kama kurasa zote zimekufa, na hali zote zi hai. Kwanza soma tena anwani uliyoandika, herufi kwa herufi. Kisha tazama katika Mipangilio, upande wa mtandao, palipoandikwa DNS ya Faragha. Irudishe iwe otomatiki ikiwa mtu aliigeuza.

YALIYO NJE YA MKONO WAKO

Yako mambo mawili ya kukumbuka, yamfanye mwanachama asijitie hasarani bure.

Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa 6 hivi. Sababu ilikuwa kosa katika matengenezo ya njia za ndani za kampuni yenyewe, hata daftari lake la majina likawa halifikiki. Hapana bando lolote ambalo lingefaa jioni ile.

Na Jumapili tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata taabu sana. Katika mkato wa namna hii mtu huweza kuona ajabu: ukurasa huu wafunguka, ule wakataa. Si uchawi. Kampuni kubwa huweka nakala za kurasa zao karibu na wasomaji, na zilizo karibu huja hata njia ya mbali ikikatika. Anayejua hili husubiri meli ya kutengeneza waya. Asiyejua huipeleka simu yake kuflashiwa.

MLANGO WA MWIZI

Sasa twafika penye hatari. Mtu aliyekwama ana haraka, na mwizi hupenda wenye haraka. Shikeni mambo manne.

1. Kivinjari kikisema kuwa cheti cha ukurasa si sahihi, na saa yako ni sawa, usilazimishe kuendelea, khasa ukurasa ukiwa wa pesa. Kile ni kilinzi, si kizuizi cha bure.

2. Ukurasa ukitangaza kuwa simu yako ina virusi kadha wa kadha na yakupasa ubonyeze upesi, funga. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuikagua simu yako na kuvihesabu virusi vyake.

3. Namba ya siri ya pesa za simu haitengenezi kivinjari. Yeyote atakayekuomba namba hiyo ili akusaidie kufungua kurasa, awe kwa simu au ana kwa ana, huyo ni mwizi.

4. Usikubali simu iflashiwe kabla ya kuhamisha picha na majina mahali pengine. Kurasa zisizofunguka hutibika mara nyingi bila ya kufuta kitu.

SHAURI KWA MSIMU

Yafaa kila mwanachama, kabla ya msimu kupamba moto, akague mambo haya kwa utulivu: saa ya simu iko sawa, nafasi haijajaa, kivinjari kimesasishwa, bando ni la kurasa zote. Picha za stakabadhi ziwe na nakala nje ya simu, na karatasi zenyewe zitunzwe nyumbani. Tena kila anayetegemea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa awe na njia ya pili: redio, au mwenziwe mwenye laini ya kampuni nyingine. Wawili wenye laini mbalimbali wakikaa jirani, kila mmoja ni akiba ya mwenziwe.

Mkulima mtikisiko wa tawi haumtishi. Hutazama kwanza limeoza wapi, kisha ndipo hukanyaga. Na simu ni vivyo hivyo. Uliza maswali matatu, soma kilichoandikwa, tibu kwa kilicho chepesi, na kilicho mbali kingojee. Aliyesoma haya na amsomee jirani yake asiyejua kusoma, kwani huyo ndiye atafutwaye kwanza na wezi.