Sabuni, Ngozi na Matangazo ya Enzi ya Ukoloni

Kati ya matangazo ya zamani ambayo leo hakuna gazeti lingethubutu kuyachapa, ya sabuni ndiyo yaliyoigusa Kongo kwa karibu. Yalishamiri kuanzia miaka ya 1880, mataifa ya Ulaya yakigawana Afrika huku viwanda vyake vikishindania wateja. Sabuni nyingi zilifanana. Iliyotofautisha moja na nyingine ilikuwa picha ya karatasini, na katika picha hiyo Mwafrika akafanywa kichekesho.

Mfano mashuhuri ni wa Pears ya Uingereza, uliotoka mwaka 1884. Una picha mbili. Katika ya kwanza, mtoto mweusi ameketi ndani ya beseni kubwa, na mtoto mweupe aliyefunga aproni anamwonyesha sabuni. Katika ya pili ameshaoga: mwili umekuwa mweupe kuanzia shingoni kwenda chini, uso umebaki mweusi, na mwenzake anamshikia kioo ajitazame. Hakuna tusi lililoandikwa. Picha peke yake yatosha kusema kwamba weusi ni uchafu na kwamba mweupe ndiye mwenye dawa yake.

Miaka hiyo hiyo, Victor Vaissier wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, aliuza “Savon du Congo”, yaani Sabuni ya Kongo. Faida ilimwezesha kujenga mjini Tourcoing jumba la fahari lililokamilika mwaka 1892, ambalo watu waliliita Kasri la Kongo. Lilibomolewa mwaka 1929.

Yale ambayo matangazo hayakuonyesha yalikuwa kando ya Mto Kongo. Mwaka 1911 William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji uliompa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 za misitu ya michikichi. Eneo mojawapo lilikuwa Barumbu, upande wa Basoko, ambako anayetoka Kisangani hufika kwa kushuka na mto. Kituo cha Elisabetha, ambacho leo huitwa Lokutu, kilikuwa cha kampuni ya Lever. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal ameeleza jinsi wakata ngazi, yaani mikungu ya chikichi, walivyolazimishwa kufanya kazi kwa ujira mdogo, maofisa wa serikali wakisaidia kuwakusanya. Mawese yale yale yanayopikiwa sombe nyumbani yalisafirishwa Ulaya kutengenezewa sabuni. Baadaye Pears nayo ikawa mali ya Lever.

Upinzani ulichukua muda. Nchini Ufaransa, kinywaji cha Banania kilitumia tangu mwaka 1915 picha ya askari wa Senegal anayecheka, pamoja na maneno “Y'a bon”, Kifaransa kilichovunjwa makusudi. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Versailles iliamuru maneno hayo yaondolewe. Mwaka 2017 Dove, chapa ya Unilever, kampuni iliyozaliwa na ile ya Lever, iliomba radhi kwa video fupi ambamo mwanamke mweusi anavua fulana na kutokea mwanamke mweupe. Wengi waliilinganisha na matangazo ya sabuni ya karne ya 19.

Afrika yenyewe ilipata matangazo ya jamii hiyo hiyo. Baada ya uhuru, magazeti yalitangaza krimu za kung'arisha ngozi kama Ambi, yakiahidi mapenzi, kazi nzuri na heshima. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuzipinga: Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU mwaka 1968, ilizipiga marufuku pamoja na sketi fupi na mawigi. Hoja ya wakati huo ilikuwa utamaduni. Ya afya ilipata nguvu baadaye. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hudhuru figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yasiyofutika. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuiondoa zebaki katika vipodozi vyote ifikapo 2025.

Kwa hiyo tangazo la zamani hukataliwa leo kwa sababu mbili kuu: kudhalilisha watu na kuhatarisha afya. Matangazo ya krimu za kujichubua hubeba zote mbili.