Jirani wa Katwe na Nyumba ya Askari

Askari wa Kampala hahitaji kuonyeshwa Katwe. Akiupita Mnara wa Saa kuelekea kusini, sauti ya nyundo humlaki kabla hajaonana na mtu. Hapo mafundi hufua sigiri, milango ya chuma, na masanduku ya bati kama yale ambayo wengi wenu mlikwenda nayo shuleni. Kwa polisi, hata hivyo, Katwe ina sifa nyingine: wezi, vichochoro na msako wa usiku. Sifa hiyo hatuikanushi. Lakini aijuaye Katwe kwa msako pekee ameijua nusu tu.

Wakazi wengi hupanga chumba kimoja kimoja, vyumba ambavyo Waganda huviita mizigo, jina linalomchekesha kila Mswahili. Ukuta ni mmoja baina ya nyumba mbili, kwa hiyo kikohozi cha mtoto husikika kwa jirani. Mvua kubwa ikinyesha na maji kuingia ndani, watu huyateka kwa mabeseni bila kuulizana kabila.

Kambi hazitoshi, na askari si wachache wanaopanga uraiani. Tangu mwaka 2007, majeshi ya Uganda yalipoanza kwenda Somalia, wake wengi wamebaki peke yao na watoto kwa miezi mingi. Homa ikimpata mtoto usiku wa manane, kamanda yuko mbali. Mlango unaogongwa ni wa jirani.

Ukarimu huo una utaratibu wake. Wakazi huunda vyama viitwavyo munno mukabi, yaani mwenzio katika shida. Mwanachama akifiwa, wenzake huleta kuni, sufuria, viti na fedha. Mchango wa msiba huitwa mabugo, kwa kuwa zamani waombolezaji walileta nguo za magome ya mti za kumvika marehemu; siku hizi huletwa fedha, na jina la kila mtoaji huandikwa daftarini. Mgeni wa mji, ambaye maiti yake haina budi kusafirishwa hadi kijijini, hulihitaji sana daftari hilo.

Wema mwingine hauandikwi. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa Katwe sataranji, na waliokuja walipata kikombe cha uji. Mwaka uliofuata alifika msichana Phiona Mutesi, ambaye baadaye aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, Urusi mwaka 2010 na Istanbul mwaka 2012. Dunia iliusifu mchezo; sisi twausifu uji kwanza.

Yapo malalamiko kwamba baadhi ya askari wapangaji hawaandikishwi katika vyama hivyo: majirani huogopa sare, naye mwenye sare huona haya. Twaona haya hiyo humgharimu mkewe. Aende kwa mwenyekiti akiwa likizoni, aandikwe. Mchango wenyewe, kwa simu ya mkononi, hufika kutoka Moroto kabla chai ya msibani haijachemka.