Jirani Anapolalamikia Dawa ya Magugu: Wajibu wa Katibu na Mwanachama



Mvua zinapoanza, magugu hayamngoji mkulima. Ndiyo maana wanachama wengi wa vyama vya msingi katika Musoma, Bunda na Butiama wameweka jembe kando na kubeba bomba mgongoni. Dawa ya kuua magugu humpunguzia mkulima siku nyingi za palizi. Lakini bustani na mashamba mengi yamo kandokando ya vijito vipitavyo katika makazi ya watu na kuishia Ziwa Viktoria. Maji hayo ndiyo jirani anayoyateka, anayowanyweshea ng'ombe wake na anamovulia samaki. Basi si ajabu ofisi ya chama ikipokea malalamiko, na ni wajibu wetu kujua namna ya kuyamaliza kwa haki.

Kwanza, tufahamu jinsi dawa inavyomfikia jirani. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni upepo. Matone madogo huchukuliwa mbali, na karibu na ziwa upepo hubadilika: mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku huvuma kinyume chake. Ya pili ni mvua, ambayo huikokota dawa pamoja na udongo hadi mtoni. Ya tatu, ambayo ni aibu yetu wenyewe, ni kuosha mabomba mtoni na kutupa chupa tupu majini.

Madhara hutegemea aina ya dawa. Dawa ya 2,4-D, itumiwayo kuua magugu ya majani mapana katika mahindi, huudhuru mno mpamba hata kwa matone machache yaliyopeperushwa. Majani yake hujikunja na kuwa membamba. Mkulima wa pamba wa Bunda aonapo dalili hiyo ana sababu ya kuuliza jirani yake alipuliza nini. Paraquat humuua mtu anayeimeza, wala haina dawa ya kuiondolea sumu yake. Kwa hiyo isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Glaifoseti hushikamana na udongo, lakini baadhi ya viungo vinavyochanganywa nayo huwadhuru samaki na vyura.

Pili, tuijue sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya maji hayo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo ndiyo husajili dawa hizi. Mwanachama aliyepuliza dawa isiyosajiliwa, au aliyepuliza ukingoni mwa mto, asitegemee kulindwa na chama chake.

Hata hivyo, lawama isitangulie uchunguzi. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi na samaki wakafa. Wananchi wengi walishuku sumu. Kamati ya Serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kuwa hewa ya oksijeni majini ilipungua kwa sababu ya kuoza kwa mimea na kwa kinyesi na mikojo ya mifugo. Wako waliokataa kuridhika na maelezo hayo. Sisi tunapata mafunzo mawili. Samaki waliokufa peke yao hawathibitishi sumu, na asiyekuwa na kumbukumbu za maandishi hawezi kujitetea wala kuaminiwa. Tena, majani mengi yakiuawa kwa mara moja ndani ya maji, nayo huoza na kuimaliza oksijeni.

Katibu apatapo lalamiko, afuate hatua hizi:

1. Amsikilize mlalamikaji kwa heshima na kuandika siku, saa, mahali na alichokiona. Kama kuna mgonjwa, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na chupa ya dawa au kibandiko chake.

2. Afike mahali penyewe siku hiyohiyo, akiwa na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa na Bwana Shamba. Wawaonye watu wasitumie maji hayo mpaka yapimwe.

3. Alinganishe maelezo na daftari la upulizaji la mwanachama: jina la dawa, kipimo, saa na mwelekeo wa upepo.

4. Sampuli za maji zichukuliwe na wataalamu. Taarifa ipelekwe kwa afisa mazingira wa halmashauri na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria.

5. Awakutanishe pande mbili. Mwanachama akiwa na kosa, akiri na kulipa fidia. Akiwa hana, mlalamikaji aelezwe kwa ushahidi, si kwa kejeli.

Lakini afadhali kuzuia kuliko kusuluhisha. Mwarifuni jirani kabla ya kupuliza. Msipulize kukiwa na upepo mkali au dalili ya mvua. Karibu na maji, tumieni jembe. Bomba lioshewe shambani, na maji yake yamwagwe palipopulizwa.

Kila chama kiliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, na kila mwanachama anayetumia dawa afungue daftari lake kabla ya msimu. Ushirika hauishii kwenye mzani wa mazao. Jirani anayekunywa maji chini ya shamba letu naye ana haki juu yetu.